Kiumbe Kimoja, Majina Mengi: Historia ya Kuwataja Bakteria

Katika maabara nyingi za Afrika Mashariki kuna kiboksi cha vichupa vya kupimia homa ya matumbo. Kichupa kimoja kimeandikwa S. typhi O, kingine S. typhi H, na vinavyofuata S. paratyphi. Mgonjwa hutoka na karatasi yenye maneno hayo hayo. Mwanafunzi wa udaktari akifungua kitabu kipya kumtafuta kiumbe huyo, anamkuta kwa jina la Salmonella enterica subsp. enterica serovar Typhi. Akipata kitabu cha miaka ya 1920 atakuta Eberthella typhosa, na katika cha mwaka 1900 atakuta Bacillus typhosus. Ni bakteria yule yule, anayetokana na maji machafu yale yale na kutoboa utumbo vile vile.

Watu wengi wanaokutana na fujo hii hudhani ni uzembe wa wataalamu. Sivyo. Kila kizazi cha wanasayansi kiliwapanga bakteria kwa kile ambacho vifaa vyake viliweza kukionyesha: kwanza umbo, kisha ugonjwa, kisha kemia, mwishowe vinasaba. Kila kizazi kiliacha majina yake yamesimama, na kilichofuata kikajenga juu yake. Jambo hili linastahili kusimuliwa kwa makini, maana jina la bakteria limewahi kuamua meli ipi izuiwe bandarini na mgonjwa yupi ahesabiwe.

1676–1857: Wanyama waliogeuzwa mimea

Mtu wa kwanza kuwaona bakteria hakuwapa jina. Antonie van Leeuwenhoek, mfanyabiashara wa vitambaa wa mji wa Delft huko Uholanzi, alisaga lenzi zake mwenyewe, na mwaka 1676 akaiandikia Royal Society ya London barua ndefu juu ya vinyama vidogo mno alivyoviona majini. Mwaka 1683 akaeleza vingine alivyovikwangua kwenye ukoga wa meno. Alivichora, akaeleza mwendo wake, akaishia hapo.

Carl Linnaeus, Msweden aliyeeneza mtindo wa kila kiumbe kupewa jina la maneno mawili, hakuwa na pa kuviweka. Katika toleo la kumi na mbili la kitabu chake kikuu, mwaka 1767, aliviingiza kwenye kundi la minyoo, chini ya jenasi aliyoiita Chaos. Mdenmark Otto Friedrich Müller ndiye aliyeketi kuvipanga kwa subira, na kazi yake kubwa ilitoka mwaka 1786, miaka miwili baada ya kifo chake. Jenasi yake ya Vibrio ilibeba karibu kila kilichojipindapinda kwenye tone la maji, hata minyoo halisi. Mwaka 1828 Christian Gottfried Ehrenberg wa Berlin akaleta jenasi ya Bacterium, kwa maana ya kijiti, na baada ya hapo Spirillum na Spirochaeta. Machoni pa Ehrenberg hawa walikuwa wanyama kamili wenye matumbo.

Mwaka 1857 mtaalamu wa mimea Carl Nägeli akawahamisha wote. Aliwaweka upande wa mimea, katika kundi la Schizomycetes, yaani kuvu wanaojigawa. Siku hizi tunajua bakteria si mnyama, si mmea wala si kuvu, lakini uhamisho ule ulikuwa na uzito. Tangu hapo majina ya bakteria yalisimamiwa na sheria za wataalamu wa mimea, hali iliyodumu hadi karne ya 20 ilipokaribia nusu. Na dhana ya ukuvu ikaganda ndani ya majina yenyewe. Bakteria wa kifua kikuu na wa ukoma wako katika jenasi ya Mycobacterium. Dawa ya streptomisini imetokana na Streptomyces. Majina yote mawili yamebeba neno la Kiyunani la kuvu, na wanaobeba majina hayo hawana undugu wowote na kuvu.

1872–1896: Umbo, bamba la maabara na rangi ya Gram

Ferdinand Cohn alifundisha botania mjini Breslau, ambao leo unaitwa Wrocław na uko Poland. Mwaka 1872 alichapisha mpango wa kwanza wa bakteria wenye kushikika: wa duara, vijiti vifupi, vijiti virefu na waliojisokota. Jenasi ya Bacillus ni yake, pamoja na spishi ya Bacillus subtilis. Cohn alijua kwamba umbo peke yake haliwezi kuonyesha undugu wa kweli. Alipanga kwa umbo kwa sababu hadubini haikumpa kingine.

Wapinzani wake walisema kazi hiyo yote ni bure. Theodor Billroth, daktari mpasuaji mashuhuri wa Vienna, alitoa kitabu mwaka 1874 akidai kwamba duara na vijiti vyote ni sura za kiumbe mmoja anayebadilika. Nägeli naye aliegemea huko. Kama wangekuwa sahihi, kumpa bakteria jina kungekuwa kazi bure, kwa sababu wa leo angekuwa mwingine kesho, na kipindupindu kingeweza kuzaliwa kutokana na uchafu wowote.

Ubishi huo ulimalizwa na mbinu. Mwaka 1876 Robert Koch, daktari wa wilaya asiyejulikana, alikwenda Breslau akamwonyesha Cohn maisha ya bakteria wa kimeta hatua kwa hatua. Miaka michache baadaye akaanza kuwaotesha bakteria juu ya lishe ngumu, kwanza vipande vya viazi, kisha gelatini, kisha agari. Kwenye lishe ngumu kila bakteria anayeangukia mahali pake huzaa kundi lake peke yake, na mtu akidokoa kundi hilo kwa ncha ya waya anapata uzao mmoja usiochanganyika. Uzao huo, ukioteshwa tena na tena, hubaki ule ule. Hapo ndipo jina la bakteria lilipopata kitu cha kushika.

Kilichofuata kilikuwa mbio za kutoa majina. Mwaka 1882 Koch alitangaza bakteria wa kifua kikuu. Taifodi, dondakoo, pepopunda na tauni vilifuata ndani ya miaka kumi na miwili hivi. Kila kijiti kiliitwa Bacillus au Bacterium, kutegemea mazoea ya aliyekigundua, na mara nyingine watu wawili walikipa kijiti kimoja majina yote mawili. Theodor Escherich, daktari wa watoto mjini Munich, alimwita bakteria aliyemkuta kwenye kinyesi cha watoto wachanga Bacterium coli commune mwaka 1885. Jina la Escherichia lilikuja mwaka 1919, baada ya yeye kufa, kutoka kwa Aldo Castellani na Albert Chalmers. Castellani huyu ni yule aliyefanya kazi Entebbe mwaka 1902 na 1903 wakati ugonjwa wa malale ulipokuwa ukimaliza watu kando ya Ziwa Victoria. Mwanzoni alidhani malale yanaletwa na bakteria wa aina ya streptokoki, kisha akawaona tripanosoma, ambao si bakteria bali protozoa, kwenye maji ya uti wa mgongo.

Mwaka 1884 Hans Christian Gram, Mdenmark aliyekuwa akifanya kazi Berlin, alitafuta njia ya kuwaonyesha bakteria ndani ya mapafu ya waliokufa kwa nimonia. Aliwapaka rangi ya zambarau, akatia iodini, akaosha kwa alkoholi. Baadhi walibaki na rangi, wengine waliipoteza, na yeye aliona upotevu huo kuwa kasoro ya mbinu yake. Kasoro hiyo ikawa mgawanyo mkubwa kuliko wote katika maabara ya hospitali, Gram chanya na Gram hasi, kwa kuwa inafuata ujenzi wa ukuta wa seli. Hadi leo daktari huchagua dawa kwa kuanzia hapo.

Neno la Bacillus nalo likazidi kutanuka hadi likakosa maana. Mwaka 1936, kwenye kongamano la London, wataalamu walilifungia ndani ya jenasi moja ya vijiti vinavyotengeneza mbegu ngumu, Bacillus subtilis akiwa ndiye kielelezo. Mwaka 1954 Bacterium lilikataliwa kabisa kama jina la jenasi. Kwa hiyo jina lililotupa neno bakteria haliruhusiwi kupewa bakteria yeyote. Lakini lugha ya madaktari haikuwasubiri. Herufi ya kwanza ya BCG, chanjo iliyoacha kovu mikononi mwa wengi wetu, ni ya neno bacille la Kifaransa, ingawa kiumbe aliyemo ndani yake ni Mycobacterium.

1854–1962: Kipindupindu na haki ya aliyetangulia

Mwaka 1854 Filippo Pacini wa Florence aliwachunguza waliokufa kwa kipindupindu, akaona ndani ya matumbo yao viumbe vidogo vilivyojipinda, akaviita Vibrio cholerae. Karibu hakuna aliyemsikiliza. Miaka thelathini baadaye Koch, akitokea Misri hadi Calcutta, alimtambua bakteria huyo na kumlinganisha na alama ya koma, na vitabu vingi vikamwita Vibrio comma. Jina la Pacini lilirudishwa rasmi mwaka 1965, naye alikuwa amekufa tangu 1883. Kanuni ya kumheshimu aliyetangulia huwaudhi wengi kwa sababu hufufua majina yaliyosahaulika. Hapa ilitenda haki, na mimi nafurahi kwamba ilitenda.

Kuna tukio jingine la kipindupindu lililoumiza zaidi. Mwaka 1905, kwenye kituo cha karantini cha El Tor katika rasi ya Sinai, walipatikana bakteria waliofanana na wa kipindupindu ndani ya miili ya mahujaji waliokuwa wakirudi kutoka Makka, nao hawakufa kwa kipindupindu. Bakteria hao waliyeyusha chembe nyekundu za damu, jambo ambalo wa Calcutta hawakulifanya. Wataalamu wakawatenga kwa jina la Vibrio eltor, na ugonjwa wao ukaitwa kwa jina la pembeni, kana kwamba ni kipindupindu cha bandia. Mwaka 1961 bakteria hao hao walianza kuenea kutoka kisiwa cha Sulawesi. Kwa kuwa jina lao halikuwa kipindupindu, kanuni za kimataifa za kutoa taarifa na kuzuia safari hazikuwagusa waziwazi. Ilibidi Mkutano Mkuu wa Afya Duniani wa mwaka 1962 utamke kwamba kipindupindu cha El Tor ni kipindupindu. Mwaka 1970 wimbi hilo liliingia Afrika, na halijatoka hadi leo.

1904–1907: Papasi

Msomaji aliyekulia nyumba ya tembe anamjua papasi, kupe mlaini anayejificha kwenye vumbi la sakafu na nyufa za ukuta, akatoka usiku kunyonya damu ya waliolala. Homa anayoileta huja kwa siku kadhaa, ikakata, kisha ikarudi. Mwaka 1904 Philip Ross na Arthur Milne, wakiwa Uganda, walionyesha kwamba homa hiyo inatokana na kiumbe kilichojisokota ndani ya damu, na kwamba papasi ndiye mletaji. Katika Kongo, Joseph Dutton na John Todd walifikia jambo hilo hilo. Wote wawili waliugua homa waliyokuwa wakiichunguza, na Dutton akafa Kasongo mwezi Februari 1905. Mwaka huo Koch alikuwa Afrika Mashariki ya Wajerumani akiwapasua papasi waliookotwa kwenye vituo vya misafara, akakuta bakteria wameingia hadi ndani ya mayai yao.

Sasa aitwe nani? Kiumbe anayefanana naye alikuwa ameonwa Berlin na Otto Obermeier, aliyechapisha habari zake mwaka 1873, na Cohn akampa jina la Spirochaeta obermeieri. Wa Afrika mwaka 1906 akaitwa Spirochaeta duttoni kwa kumbukumbu ya Dutton. Mwaka 1907 ikaundwa jenasi ya Borrelia, kwa heshima ya Mfaransa Amédée Borrel. Wakati huo huo bakteria wa kaswende, aliyeonwa mwaka 1905 na Fritz Schaudinn na Erich Hoffmann, alihamishwa kutoka Spirochaeta kwenda Treponema. Schaudinn alikuwa mtaalamu wa protozoa, na alishikilia kwamba waliojisokota wote ni ndugu wa tripanosoma, si bakteria hata kidogo. Kwa miaka mingi kitabu kimoja kiliweka homa ya papasi katika sura ya bakteria na kingine katika sura ya protozoa. Leo anaitwa Borrelia duttonii, na bado yupo katika vijiji vya Tanzania ya kati.

Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba Borrelia recurrentis, anayeletwa na chawa na ambaye ndiye wa Obermeier, ni kama Borrelia duttonii aliyepoteza sehemu ya vinasaba vyake. Majina mawili yamebaki. Daktari anayaona ya lazima, kwani chawa huangamizwa kwa njia moja na papasi kwa njia nyingine.

1885–1947: Majina ya makosa

Mwaka 1885, katika idara ya mifugo ya serikali ya Marekani, Theobald Smith alimtoa bakteria kutoka kwa nguruwe waliokufa kwa maradhi yaliyoitwa kipindupindu cha nguruwe. Mkuu wake aliitwa Daniel Salmon, na jina la mkuu ndilo lililotangulia kwenye ripoti. Mwaka 1900 Joseph Lignières akaunda jenasi ya Salmonella. Kwa hiyo aliyefanya kazi hiyo kwa mikono yake hakuachiwa jina. Tena maradhi yenyewe, ilikuja kujulikana miaka michache baadaye, husababishwa na virusi. Spishi ya kwanza ya jenasi hii ikabaki inaitwa Salmonella choleraesuis, jina linalotaja ugonjwa ambao bakteria huyo hauleti.

Richard Pfeiffer wa Berlin naye, mwaka 1892, alimkuta kijiti kidogo kwenye makohozi ya wagonjwa wa mafua makali, akatangaza kwamba ndiye chanzo. Virusi vya mafua ya binadamu vilipatikana mwaka 1933, lakini kijiti kile kilikwisha kuitwa Haemophilus influenzae. Aina yake ya b huua watoto kwa nimonia na homa ya uti wa mgongo. Kenya ilianza kuwachanja watoto dhidi yake mwaka 2001, na takwimu za Kilifi zikaonyesha ugonjwa huo ukishuka sana. Mzazi anayeona herufi za Hib kwenye kadi ya kliniki ana haki ya kuelezwa kwamba chanjo hiyo haizuii mafua, licha ya jina lake.

Turudi kwa Salmonella. Fritz Kauffmann, aliyeondoka Ujerumani mwaka 1933 akahamia Copenhagen, aliendeleza kazi ya Mwingereza Bruce White ya kuwatofautisha Salmonella kwa kingamwili. Herufi O na H zilizo kwenye vile vichupa ni za utaratibu huo: O ni ngozi ya bakteria, H ni mikia yake ya kuogelea. Kauffmann alitaka kila mchanganyiko wa O na H uhesabiwe kuwa spishi kamili. Majina yakatafutwa mahali bakteria walipopatikana mara ya kwanza, ndiyo maana orodha ina London, Dublin na Montevideo, pia ina Zanzibar, Dar-es-salaam, Uganda, Kampala na Kisangani. Sasa aina hizo zinazidi 2,500. Mwaka 2019 watu nchini Marekani waliugua kutokana na Salmonella Uganda. Walikuwa wamekula mapapai yaliyotoka Mexico. Uganda haikuhusika kwa lolote, lakini jina lake ndilo lililotajwa kwenye taarifa za habari.

Wataalamu waliona kwamba sheria za mimea haziwatoshi. Kongamano la kwanza la mikrobiolojia, Paris mwaka 1930, liliunda kamati ya majina. Mmarekani R. E. Buchanan wa Iowa aliibeba kazi hiyo kwa miongo kadhaa, na mwaka 1947 kongamano la Copenhagen likaidhinisha kanuni za bakteria zinazojitegemea. Pamoja nazo ilikuwepo tume ya kuamua mashauri ya majina.

1980–1985: Orodha, na shauri la tauni

Kanuni hizo zilirithi tatizo zito. Tarehe ya kuanzia ilikuwa 1 Mei 1753, ile ya mimea. Aliyetaka kutoa jina jipya alitakiwa kupekua maandishi ya karne mbili ahakikishe halijatumika, na mengi ya majina ya zamani yalielezwa kwa mistari miwili, bila mchoro, bila bakteria hai aliyehifadhiwa. Hakuna aliyeweza kujua yalimhusu nani.

Wataalamu wa bakteria wakachukua hatua ambayo wa mimea na wa wanyama hawakuthubutu. Walitangaza kwamba hesabu inaanza upya tarehe 1 Januari 1980. Mwaustralia V. B. D. Skerman, Vicki McGowan na Mwingereza Peter Sneath waliandaa orodha ya majina yaliyokuwa na maelezo ya kueleweka na kielelezo kilicho hai. Majina zaidi ya 2,000 yaliingia. Maelfu kwa maelfu ya majina mengine yalipoteza hadhi siku hiyo moja, na kila jina jipya likatakiwa kupitia jarida moja la kimataifa. Kwangu mimi hii ndiyo kazi kubwa kuliko zote katika historia hii, ingawa haikumponya mgonjwa hata mmoja siku ile.

Kabla wino haujakauka lilizuka shauri la tauni. Bakteria wa tauni aligunduliwa na Alexandre Yersin huko Hong Kong mwaka 1894. Alikwisha kuitwa Bacterium pestis, Bacillus pestis na Pasteurella pestis, na mwaka 1944 Mholanzi J. J. van Loghem akapendekeza Yersinia. Vipimo vya DNA vikaja kuonyesha kwamba hatofautiani kiasi cha kuitwa spishi na Yersinia pseudotuberculosis, bakteria ambaye kwa kawaida huleta maumivu ya tumbo na homa ya kupita. Kwa vinasaba, wale ni spishi moja. Watafiti wakafanya kile ambacho kanuni zinataka: waliziunganisha spishi hizo, jina lililotangulia likashinda, na tauni ikawa Yersinia pseudotuberculosis subsp. pestis.

Fikiria karatasi ya maabara inayofika zahanati ya mlimani. Mwaka huo wa 1980 tauni ilizuka wilayani Lushoto, katika milima ya Usambara, ikaendelea kurudi kwa zaidi ya miaka ishirini. Mgonjwa wa tauni ya mapafu asipopata dawa mapema hufa ndani ya siku chache, na anayemhudumia bila kujikinga yuko hatarini. Jina refu linaloanza na la bakteria mpole, likikatwa na mwandishi mwenye haraka, linabaki Y. pseudotuberculosis. Mwenye kusoma hapo anaweza kumrudisha mgonjwa nyumbani, au akadhani ni habari ya kifua kikuu.

Kanuni zilikuwa na kifungu cha majina ya hatari, yaani majina ambayo yakitumika yanaweza kuleta ajali ya kuhatarisha afya au uhai. Mwaka 1985 tume ililikataa jina jipya kwa kifungu hicho na kuagiza Yersinia pestis libaki. Hakuna aliyekanusha vipimo. Tume iliupa uhai wa mgonjwa na wa mhudumu uzito kuliko unyoofu wa mti wa ukoo, na ilifanya sawa. Kwa hoja inayokaribiana na hiyo, Shigella wa kuhara damu ameachwa na jenasi yake, ingawa kwa vinasaba yumo ndani ya Escherichia coli.

1973–2005: Salmonella mbili, au elfu mbili na mia tano

Vinasaba viliupindua pia mpango wa Kauffmann. Vipimo vya mwaka 1973 vilionyesha kwamba karibu Salmonella wote wanafanana kiasi cha kuwa spishi moja. Orodha ya 1980 ilikuwa na majina matano tu, Typhi akiwemo. Kama yote yangeunganishwa, kwa mujibu wa kanuni spishi hiyo ingeitwa Salmonella choleraesuis, na wa homa ya matumbo angejikuta ni aina ndani ya jina la nguruwe.

Mwaka 1987 Léon Le Minor na Michel Popoff wa Taasisi ya Pasteur, Paris, walipendekeza jina lisilobebwa na aina yoyote, Salmonella enterica. Tume haikulikubali lilivyoletwa. Ilihofia kwamba Typhi, akipoteza hadhi ya spishi, angezama katikati ya maelfu ya wanaoharisha kwa siku mbili, na daktari asitambue uzito wake. Maabara kubwa hazikusubiri, zikaanza kutumia enterica, huku vitabu vingine vikifuata kanuni. Kwa karibu miaka ishirini mifumo miwili ilikwenda sambamba, na makala mbili za mwezi mmoja zingeweza kumtaja bakteria mmoja kwa namna mbili. Mwaka 2005 tume ilitoa uamuzi, na enterica ikawa spishi ya kielelezo. Tangu hapo Typhi huandikwa kwa herufi kubwa, bila kuinamishwa, kwa sababu ni aina ndani ya spishi. Spishi ya pili ni Salmonella bongori, iliyotokana na mji wa Bongor nchini Chad. Viwanda vinavyotengeneza vichupa havikubadilisha maandishi.

1977 hadi sasa: Mti wa vinasaba

Mwaka 1977 Carl Woese na George Fox wa Illinois walilinganisha molekuli moja iliyomo ndani ya kila kiumbe, ile inayojenga kiwanda cha protini cha seli. Viumbe wanaotengeneza methani, kama wale walioko tumboni mwa ng'ombe, walionekana kuwa mbali na bakteria kama bakteria walivyo mbali nasi. Woese akawaita bakteria wa kale, kisha mwaka 1990 akaliondoa neno bakteria kabisa, wakabaki Archaea. Jina la kwanza lilikwisha kuingia katika vitabu vya shule.

Kuanzia hapo majina yalianza kubadilika kwa kasi. Mwaka 2014 Borrelia iligawanywa, na madaktari wengi wakakataa kuifuata jenasi mpya ya Borreliella. Mwaka 2016 Clostridium difficile alihamishiwa Clostridioides, jina lililochaguliwa makusudi ili kifupi cha C. difficile kisiguswe. Mwaka 2020 Lactobacillus, jenasi iliyokuwa na spishi 261, ilipasuliwa ikawa jenasi 25. Lactobacillus plantarum, aliyekutwa kwa wingi katika kule naoto, maziwa ya kuchachusha ya Wamasai wa Kenya, sasa ni Lactiplantibacillus plantarum. Waliotoa majina hayo walihakikisha kwamba yale ya spishi zinazotumika sana viwandani yanaanza na L. Mwaka 2021 yakaja majina rasmi ya ngazi ya juu, 42 kwa mara moja: Proteobacteria wakawa Pseudomonadota, na Firmicutes wakawa Bacillota. Hapo naungana na waliolalamika. Ngazi hizo hazikuwa na mgogoro, na majina ya zamani yalitumika kwa amani katika maelfu ya makala.

Kundi moja halijapata hata sheria ya kulisimamia peke yake. Bakteria wa kijani-buluu walihesabiwa kuwa mwani kwa muda mrefu, na wataalamu wa mimea hawajawaachia hadi leo. Chakula cha heroe wadogo wa Nakuru, Bogoria na Natron ni mmoja wao. Mwaka 1932 Lothar Geitler aliiunganisha jenasi ya Arthrospira na Spirulina, na kosa hilo likaingia sokoni pamoja na vidonge vya lishe. Wataalamu walizitenganisha tena, na mwaka 2019 wa heroe akapewa jenasi mpya ya Limnospira.

Wengi kuliko wote ni wale wasioota maabarani kabisa, wanaojulikana kwa DNA iliyokusanywa kutoka kwenye udongo, maji na matumbo. Kanuni zinataka kielelezo hai kihifadhiwe katika hazina mbili za nchi mbili tofauti, kwa hiyo tangu miaka ya 1990 hao wamepewa jina la muda lenye neno Candidatus mbele yake, lisilo na ulinzi wa kisheria. Pendekezo la kukubali DNA kama kielelezo lilipigiwa kura na kamati ya kimataifa mwaka 2020, likashindwa. Waliolipendekeza wakaandika kanuni zao wenyewe, SeqCode, zilizoanza kutumika mwaka 2022. Sasa bakteria anaweza kupewa jina halali chini ya kanuni moja na asitambuliwe chini ya nyingine.